Sita Tatu Kwenye Mlango Wangu

Nchiru, Alhamisi, Julai

Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ya kukunja vidole. Nguo nilizofua jana bado zinachuruzika kwenye kamba. Nina furaha, nina hasira, na macho yananiwasha kwa sababu nililia jioni nyuma ya tangi la maji, kisha nikanawa uso nikajifanya nimeenda kuchota. Naandika leo leo, maana nikingoja hadi Jumapili nitajidanganya kwamba nilikuwa shujaa tangu mwanzo.

Chanzo cha yote ni namba.

Wanaopita hapa mara kwa mara wanajua nasomea shahada ya uzamili ya hisabati, na kwamba kesho saa nne asubuhi nasimama mbele ya jopo la idara kutetea pendekezo la tasnifu yangu. Kwa mgeni, namba ninayoitetea ndiyo hii:

1000000000000066600000000000001

Moja mbele, sufuri kumi na tatu, sita tatu, sufuri kumi na tatu tena, na moja nyuma. Isome kutoka kushoto, isome kutoka kulia, ni ile ile. Nayo ni namba tasa, yaani huwezi kuigawa bila kubakisha ila kwa moja au kwa yenyewe. Ijaribu kwa tatu, itakukatalia. Ijaribu kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, itakukatalia. Mtu akiamua kujaribu kila kigawanyo kimoja kimoja, hata akiwa na kasi ya kimoja kwa sekunde, atahitaji zaidi ya miaka milioni thelathini, na mimi nina mihula miwili tu.

Niliipenda siku ya kwanza niliyokutana nayo, na sioni haya kusema hivyo. Wengine hupenda wanasoka.

Kinachonivutia ni ukaidi wake. 16661 ni tasa. Ukiongeza sufuri moja kila upande wa zile sita tatu, inavunjika, yaani inagawanyika. Ukiongeza mbili, inavunjika. Tatu, nne, tano, zote zinavunjika, mpaka unafika sufuri kumi na tatu na ghafla inasimama wima. Halafu ina tabia zake za siri. Ukiigawa kwa nne inabaki moja, na namba tasa yenye tabia hiyo lazima ipatikane kwa kujumlisha miraba ya namba mbili, tena kwa njia moja tu. Kumi na tatu ni nne na tisa. Kumi na saba ni moja na kumi na sita. Yangu nayo ina jozi yake mahali fulani, jozi moja pekee, hata kama mimi na wewe hatujawahi kuiona.

Kompyuta inakuambia kwamba ni tasa kabla hujapepesa jicho. Mimi nataka kujua kwa nini, kwa uthibitisho ambao mtu anaweza kuufuata kwa kalamu. Na njia inapitia kwa namba jirani. Toa moja, na namba inayobaki inaishia kwa sufuri kumi na nne, kwa hiyo imejaa mbili na tano tele, inavunjika kama biskuti. Kuna kanuni inayosema kwamba ukiweza kuvunja kipande kikubwa cha kutosha cha jirani huyo, unaweza kuthibitisha kwamba mwenyewe havunjiki. Kipande changu kinatosha. Nimekipima mara nyingi, kinatosha. Kesho hilo ndilo nitakalolisema, na nitalisema vizuri.

Sasa kosa langu, kama ni kosa.

Chumba changu ni kidogo. Ukirudi nyuma hatua mbili kutoka ukutani umekalia jiko la gesi. Nilitaka kuliona bango nililoichora namba hiyo kwa ajili ya kesho, nilione kwa mbali, kama jopo litakavyoliona, basi Jumanne asubuhi nikalibandika nje ya mlango, nikatembea hadi kwenye tangi, nikageuka. Lilipendeza kweli. Sufuri nilizichora kwa wino mweusi na sita kwa wino mwekundu, ili jicho lijue katikati ni wapi. Nikaridhika, nikaenda maktaba, nikaliacha pale pale.

Nilisahau kwamba Jumanne hiyo ilikuwa zamu ya ploti yetu.

Akina mama wa kanisa la mwenye nyumba wangu, Mama Mutwiri, huzunguka nyumba hadi nyumba kila wiki. Wakifika kwa mtu, baada ya neno na kabla ya chai, hupita mlango kwa mlango wakiimba. Wanaweka mkono juu ya mbao, wanaombea wanaolala ndani, wanapaka tone la mafuta juu ya kitasa. Hata milango yetu sisi wapangaji hupakwa, na sijawahi kulalamika, kwa maana baraka haina hasara. Jirani yangu, ambaye alikuwa ndani anapika, aliniambia wimbo ulifika mlangoni kwangu ukakatika katikati ya ubeti. Alidhani mtu ameanguka.

Niliporudi jioni, kila mlango ulikuwa na doa linalong'aa juu ya kitasa. Wangu ulikuwa mkavu.

Jana Mama Mutwiri alikuja mwenyewe. Ni mwanamke mpole. Nilipougua alinipikia uji wa wimbi na kuniletea kikombe hadi kitandani. Safari hii alisimama nje, mikono ameifunga ndani ya leso.

"Wambeti, mimi nimekaa na wanafunzi hapa sana. Nimeona walevi, nimeona hata mwenye alikuwa akifuga kuku chini ya kitanda. Sikusema kitu. Lakini hiyo hapana. Hiyo namba itoke, ama mtoke na huyo mnyama wa Ufunuo pamoja."

Nikamwambia ni hisabati tu, mama, ni ya shule.

"Hata ile namba ya serikali ya kuandikisha watu walisema ni ya computer tu," akasema, na akaniacha hapo.

Nililihamishia bango ndani, ukutani, juu ya kitanda. Nilidhani yamekwisha. Kumbe yeye hakujali liko upande gani wa mlango, ilimradi liko katika ploti yake. Usinione mjinga, mtu angeweza kulikunja akalisukuma chini ya godoro, akanyamaza mpaka Ijumaa ipite. Nililifikiria hilo kwa dakika chache. Halafu nikakumbuka kwamba sijaiba kitu.

Mama Mutwiri akampigia simu mama yangu.

Lazima nieleze kwamba hawa wawili walisoma pamoja shule ya bweni kule Embu, na ndiyo sababu nikapata chumba hiki wakati wenzangu walikuwa wanapigania vitanda. Mama yangu amebaki Mbeere, kwenye jua na vumbi, na ndengu zake na mbuzi wake. Na kwetu Mbeere, nawaambia, hofu ya namba siyo kitu cha kuchekwa. Mbuzi hawahesabiwi kwa sauti. Ukimuuliza mama ana watoto wangapi atakujibu kwamba Mungu amemkumbuka, na hapo ndipo hesabu inapoishia. Nilikua nikijua kwamba kuitaja idadi ni kukaribisha kitu kije kuipunguza. Kwa hiyo simcheki Mama Mutwiri. Ninamwelewa vizuri kuliko anavyodhani, na ndiyo maana nina hasira, kwa sababu ningependa nisimwelewe.

Mama alifika leo adhuhuri na mfuko wa ndengu na viatu vyenye matope ya Nchiru juu ya vumbi la Mbeere. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini uso wake haukuwa wa kuponya mtu. Alitazama bango mara moja kutoka mlangoni. Hakuingia. Akaniita mwari wakwa, binti yangu, kwa sauti ile anayotumia hospitalini.

"Tutaketi na Mama Mutwiri saa tisa. Amemwita na mzee wa kanisa. Chochote watasema, wewe kubali. Usianze kufundisha. Kubali, tuombe, tuende."

Nikasema sawa, mama. Nilikuwa namaanisha. Chumba hiki nakihitaji, na yeye namhitaji zaidi.

Kikao kilikuwa sebuleni kwa Mama Mutwiri, vitambaa vyeupe kwenye kila kiti, chai ya maziwa na viazi vikuu vya kuchemsha. Mzee wa kanisa alikuwa Mwalimu Kaberia, aliyewahi kuwa mkuu wa shule kabla ya kustaafu, mtu wa kofia na maneno machache. Tuliomba. Kisha Mwalimu akaniambia nieleze hiyo namba ni ya nini, polepole, kama ninaeleza darasa la nne.

Mama alinikazia macho. Lakini nimeulizwa na mwalimu, nifanye nini?

Ndengu zilikuwa hapo kwenye sinia, mama alikuwa amezimimina wazichague mawe. Nikatenga kumi na mbili nikazipanga: safu mbili za sita, safu tatu za nne. Nikaongeza moja, zikawa kumi na tatu, nikamwambia Mama Mutwiri azipange safu zilizo sawa. Akapanga. Akapangua. Akavuta kiti.

"Hii imekataa," akasema.

Nikampa kumi na tano, akazipata mara moja, tatu kwa tano, akapiga meza kwa kidole. Nikampa kumi na saba. Akakunja mikono ya sweta. Kwa muda mfupi mle ndani hapakuwa na mnyama wala moto wa milele, palikuwa na mwanamke mwenye umri wa mama yangu anayezozana na ndengu, na mimi nikawa na furaha isiyo na adabu. Hata mama alisahau kunikazia macho. Alinyoosha mkono akajaribu kumi na tisa.

"Sasa hiyo yako ndiyo hivyo, imekataa?" Mama Mutwiri akauliza.

Ndiyo, mama. Hiyo hiyo.

"Na ile sita sita sita yenyewe?"

Hili nilikuwa nimelingoja. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi bafuni. Nikamwambia ile ikiwa peke yake haina nguvu yoyote, inavunjika ovyo: kwa mbili, kwa tatu, kwa sita, kwa tisa, hata kwa thelathini na saba. Nikaegemea kiti kama wakili aliyeshinda kesi.

Mama Mutwiri akaweka chini ndengu alizoshika.

"Kwa hivyo akiwa peke yake anavunjika. Lakini wewe umemzungushia zero zako mpaka hakuna mtu anaweza kumvunja."

Nikaacha kuegemea kiti.

Kwa hisabati, alikuwa amesema kweli tupu.

"Hiyo ni mbaya zaidi," akamalizia, na akasukuma sinia mbali.

Hapo Mwalimu Kaberia akakohoa. Alikuwa ameliweka bango magotini, alikuwa ametuma mtu alichukue chumbani kwangu, na alikuwa akilipitia kwa ukucha kutoka mwanzo hadi mwisho. Akasema yeye anaona kitu ambacho sisi wengine hatujakiona. Namba inaanza na moja. Inaishia na moja. Mungu ni mmoja, ndiye Mwanzo na ndiye Mwisho. Na yule mnyama yuko katikati, amezingirwa pande zote, mbali na mlango, hawezi kutoka.

"Amefungwa," akasema Mwalimu. "Hii ni namba ya ushindi. Si ndivyo, msichana?"

Mngeuona uso wa Mama Mutwiri. Ulifunguka wote. Akashika kifua, akasema haleluya taratibu, akanitazama kwa upendo ule wa siku ya uji. Mama yangu akashusha pumzi ambayo nadhani aliibeba tangu Mbeere. Wote watatu walikuwa wananingoja. Nilichotakiwa kutoa ni neno moja fupi, na chumba ni changu, na urafiki wa mama umepona, na pengine hata mlango wangu ungepakwa mafuta kabla ya chai kupoa.

Nikasema hapana.

Nilisema kwa heshima. Nilimwambia, "Asante, Mwalimu, lakini hapana. Hiyo namba haisemi kitu juu ya Mungu, na haisemi kitu juu ya shetani. Haigawanyiki, basi. Hata kama wino wangu ungekuwa wa kijani."

Nimejiuliza jioni nzima kwa nini sikukubali. Siyo kiburi tu, ingawa kiburi kilikuwepo, sitakificha. Ni kwamba kesho nitasimama mbele ya watu na kusema kwamba jambo ni kweli kwa sababu limethibitishwa, hata kama linaumiza au halina faida. Nitasemaje hivyo saa nne ikiwa leo saa kumi nilikubali jambo kwa sababu lilikuwa tamu? Na nikiwapa namba hii iwe ya Mungu leo, ile inayofuata wataifanya ya shetani, na mwanafunzi mwingine atafungiwa mlango na sitakuwa na la kusema. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa naona mwisho wake kutoka pale nilipokaa.

Lakini maji yalikuwa yamemwagika. Mwalimu Kaberia alinirudishia bango bila kunitazama na akaomba chai yake iongezwe sukari. Mama Mutwiri hakupaza sauti. Aliniambia nikae mpaka mwisho wa mwezi, kisha nitafute mahali pengine. Akalia kidogo alipolisema, na hilo ndilo lililonipeleka nyuma ya tangi.

Mama yangu alikuwa ameinama anachagua ndengu, anatoa mawe, anayaweka pembeni. Mimi namjua mama akifoka, namjua akiimba, lakini ukimya ule sikuujua. Nilitoka nikamwacha pale na rafiki yake.

Kwa hiyo nilipokuwa nikinawa uso nilikuwa nimeshakubali moyoni kwamba nimepata vitu viwili na kupoteza viwili. Nina namba, nina uthibitisho. Sina chumba, na pengine kwa muda sina mama. Nilirudi ndani, nikalibandika bango mahali pake ukutani, pembe nne, nikalainisha mikunjo kwa kiganja. Nikaanza kufanya mazoezi ya maneno ya kesho kwa sauti, mwanzo nikikosea, kisha vizuri. Nikifika kwenye yule jirani mwenye sufuri kumi na nne huwa natulia. Hapo hakuna anayeweza kunisukuma.

Nilikuwa katikati ya hayo nilipoona mama amesimama mlangoni, mfuko wake begani. Kule nyumba kubwa Mama Mutwiri alikuwa amemtandikia kitanda cha wageni, chenye blanketi mbili na shuka jipya. Nilikiona mwenyewe. Nikadhani amekuja kuniaga tu.

Akavua viatu vyake vya matope akaviweka pamoja na vyangu. Akaingia. Akasimama mbele ya bango, karibu sana, kwa sababu mama hana miwani, na nikaona midomo yake ikisogea kwa kila tarakimu. Mama yangu, ambaye hajawahi kuhesabu mbuzi wake kwa sauti, alihesabu zile sufuri. Alipofika mwisho alirudi akahesabu tena kutoka upande ule mwingine.

"Na wewe umeijaribu mwenyewe?" akauliza. "Siyo kuambiwa?"

"Mwenyewe, mama."

"Haigawanyiki?"

"Haigawanyiki."

Akafungua mfuko, akatoa leso kubwa. Nikajua anataka kulifunika bango, na nikaanza kutafuta maneno ya kumzuia bila kumvunjia heshima. Akaitandika kitandani. Akakaa, akakanda magoti yake, akainua macho kwangu.

"Sogeza hivyo vitabu," akasema. "Mimi nitalala upande wa ukuta."

Amelala sasa, au anajifanya, mgongo kwangu na paji la uso karibu liguse zile sita. Mimi nina nusu ya kitanda chembamba, hotuba ninayoijua kwa moyo, na mwezi mzima wa kutafuta chumba. Jopo ni saa nne. Na lije.